Madam na Chipu ya Miguu Minane

Madam hakuvaa saa. Ukimuuliza imekuwaje mwalimu wa Fizikia atembee mkono mtupu, alijibu kwamba saa ya mkononi humfanya mtu aitazame kila mara kana kwamba itamwambia jambo jipya. Na huyo ndiye aliyeitengenezea shule yetu kengele ya kujipiga yenyewe. Waliosema mganga hajigangi nadhani walikuwa wamemwona yeye.

Shule yetu ni ya kata, huko Kibondo, juu ya mgongo wa kilima kinachotazamana na Burundi. Mimi nilifundisha Kiswahili, Muha wa hapahapa, mzaliwa wa Kitahana. Yeye aliletwa na barua ya uhamisho, umri umeshasogea, akashuka kwenye gari na begi moja la nguo na mawili ya makorokoro. Nyumba zetu zilipakana ukuta. Nilimsikia akikohoa, naye alinisikia nikiwagombeza wanangu. Ujirani wa namna hiyo haufichi kitu, au ndivyo nilivyodhani.

Makorokoro yale ndiyo yaliyomfanya awe yeye. Siku ya kwanza aliponikaribisha chai alinifungulia kopo la poda ya watoto. Ndani mlikuwa na kipande cha sponji, na juu ya sponji vimechomekwa vitu vyeusi vidogo, kila kimoja ukubwa wa punje ya harage, kina miguu minane ya bati.

"Mdudu gani huyu?" nikauliza.

"Hii ni chipu, Mwalimu. Kompyuta nzima imo humu."

"Kioo chake kiko wapi?"

"Haina."

"Na pa kuandikia?"

"Hapana."

"Basi hata mimi ni kompyuta."

Alicheka mpaka chai ikammwagikia kangani. Halafu akaanza kunieleza, na Madam akianza kueleza hukuondoka mpaka umeelewa, hata kama mkeo amekwisha kuita mara tatu kupitia ukutani. Miguu miwili ni ya kula umeme, alisema. Mmoja ni wa kuianzishia upya. Mitano iliyobaki ni ya kazi: kwa mguu huu inapima joto au unyevu, kwa mguu ule inawasha taa au inapiga honi. Kumbukumbu yake ni ndogo, haitoshi hata picha moja ya simu, lakini inatosha maagizo ya kazi moja, na ukiichoka kazi hiyo unafuta unaandika nyingine, mara elfu kadhaa. Ukiikatia umeme, maagizo hayapotei.

Kilichompendeza zaidi kilikuwa usingizi wake. Chipu ikimaliza kazi inalala, haili umeme ila chembe, halafu inajiamsha yenyewe kutazama kama kuna jambo, ikikuta hakuna inalala tena. Betri mbili za tochi ziliiweka hai miezi na miezi.

"Mtumishi gani wa serikali," aliniuliza, "analala kazini na kazi inakwenda?"

Nilimwambia ninawafahamu kadhaa.

Bei ya chipu moja haikufika ya kuku, na kuku wa Kibondo hawakuwa ghali. Binamu yake wa Dar alizitia kwenye bahasha, akampa kondakta wa basi, na siku ya pili yake Madam alikuwa stendi, ushungi umekaa upande, anaikagua bahasha mbele ya abiria wote ili kuhakikisha hakuna mguu uliopinda. Makondakta walimwita Mama Bahasha. Hakuchukia.

Alikuwa na ukarimu wa ajabu na ubahili wa ajabu, vyote katika mfuko mmoja. Chipu aliigawa kama karanga. Mwanafunzi akiiunguza kwa kugeuza nyaya za betri, Madam anampa nyingine na kumwambia aandike kilichotokea. Lakini ile risasi ya kuunganishia nyaya aliilinda kama dawa. Matone yaliyodondoka mezani aliyaokota kwa kibanio, akayaweka kwenye kifuniko cha soda, akayayeyusha tena. Niliwahi kumwomba kipande cha kuzibia sufuria. Alinitazama kama niliyemwomba jino.

Na mawese! Alipofika aliapa kwamba mafuta yale mekundu hayatapita kooni mwake, kwamba yana harufu ya kabati lililofungwa. Mwaka haukuisha nikamkuta anakaangia maharage kwa mawese, na Idi moja akapikia pilau. Nilipomkumbusha kiapo chake alisema mtu mwenye akili hufutika akaandikwa upya. Hapo nilijua sasa chipu imemwingia mpaka jikoni.

Jikoni ndiko alikofundishia. Maabara ya shule ilikuwa chumba chenye jina tu mlangoni, hivyo wasichana wake sita, waliopenda mambo hayo, walimfuata nyumbani mchana baada ya vipindi. Wala hawakuanza na nyaya. Walianza na mchezo ambao sijauona popote pengine, wenyewe wakiuita kucheza chipu. Msichana mmoja husimama mlangoni na kunyamaza: huyo ndiye chipu. Mwingine anashika mkono wake wa kulia, akiubana maana yake joto limezidi. Mkono wa kushoto umeshika kamba ya dirisha. Mwingine anasoma maagizo yaliyoandikwa daftarini kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na chipu anafanya hayohayo, hazidishi wala hapunguzi. Wa nne ameshika mwiko. Huyo ni mlinzi aliye ndani ya chipu: asipoguswa bega na msomaji kila baada ya mistari michache anajua kwamba mwenzake amepotea, basi anagonga sufuria na wote wanaanza upya kuanzia mstari wa kwanza.

Siku moja maagizo yalisema, "Joto likizidi, fungua dirisha." Msichana alifungua. Joto likawa bado limezidi, akavuta kamba tena. Na tena. Na tena, mpaka bawaba ikang'oka na dirisha la serikali likaanguka kwenye mchicha wangu. Nilitoka nje nikiwa tayari kufoka. Nikamkuta Madam ameshika mbavu kwa kicheko, machozi yanamtoka, anawaambia wasichana, "Nani alimwambia aache? Nani? Chipu haijui 'si unaelewa bwana'. Semeni yote!"

Hilo lilikuwa neno lake: semeni yote. Alilisema darasani, alilisema kwenye vikao, alimwambia hata muuza nyanya. Mtu akianza sentensi kwa "nadhani", Madam alikunja uso na kuuliza amepima au hajapima. Kwa sisi wengine jambo hili lilichosha. Kuna Ijumaa nilimwambia nadhani mvua itanyesha, akanipa mhadhara mpaka mvua ikatukuta pale pale nje.

Lakini muuguzi wa zahanati ya jirani atakuambia habari nyingine. Friji ya chanjo pale ilitumia gesi, na gesi ikiisha hakuna aliyejua mpaka asubuhi. Madam aliweka chipu moja ndani ya kikopo cha dawa, ikawa inaamka kila dakika chache, inapima joto la friji, inalala. Joto likitoka kwenye mipaka, inalia. Muuguzi alikuja kulalamika kwamba kile kikopo kinalia kama mtoto wa nguruwe na kinawatia aibu mbele ya wagonjwa. "Kimelia mara ngapi?" Madam akauliza. Mara mbili. "Na chanjo?" Zilipona mara zote mbili. Muuguzi alirudi zake, na wiki iliyofuata akaleta mkungu wa ndizi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka.

Shuleni kulikuwa na stoo kubwa, madirisha mawili, sakafu ya saruji, iliyotunza maharage ya chakula mpaka jiko jipya lilipopata stoo yake. Ikabaki tupu. Madam aliitaka iwe chumba cha wasichana wake, watoke jikoni, wapate meza na kufuli. Mimi niliitaka iwe maktaba. Nilikuwa na maboksi saba ya vitabu vya hadithi chini ya kitanda, panya wanavisoma kuliko watoto. Kila mmoja wetu alimwandikia mkuu wa shule barua.

Mkuu alikuwa mtu wa kupima upepo. Wakati huo Madam alikuwa amekwisha kufunga honi ya lori juu ya paa la ofisi, inaendeshwa na betri ya pikipiki na kipande cha sola, na chipu ndiyo inayoiamuru: saa ya kuingia, saa ya uji, saa ya kutoka. Moyo wa saa yenyewe, kile kidude kidogo kinachohesabu sekunde, aliung'oa kwenye saa ya ukutani iliyokufa. Mkuu akatamka mbele ya walimu wote: "Wiki ya moko, hakuna kugonga ile ringi ya gari. Tutafuata honi. Ikienda sawa, stoo ya Madam. Ikikosea, stoo ya vitabu." Moko ni mtihani wa majaribio wa wilaya nzima, kila shule inafungua karatasi dakika ileile.

Jumapili ya kabla ya moko tulikwenda soko la ujirani mwema, kule mpakani, ambako sisi na Warundi tunauziana kila kitu na kusalimiana amahoro, yaani amani, kwa lugha ambayo ni kama moja. Ilikuwa Ramadhani. Madam alitembea na saumu yake kwenda na kurudi, akanunua tende na betri, midomo imemkauka. Tulifika shuleni yapata saa kumi na moja jioni. Alitaka kuingiza ratiba ya mtihani kwenye chipu, awahi kuandaa futari. Sasa, ukiiandika chipu ile upya, ratiba inakaa, lakini saa inabidi uiseti: unabonyeza kitufe mara sawasawa na saa, saa tano mara tano, halafu inapotimia kamili unakishikilia mpaka taa iwake. Siku zote aliifanya kwa milio ya redio, ile inayolia kila saa inapotimia. Jioni ile redio alikuwa ameiacha nyumbani, akatoa simu.

Watu wa kwetu wananielewa kabla sijamaliza. Ukienda mpakani, simu inashika mtandao wa ng'ambo na inajirudisha saa moja nyuma, maana wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukirudi kilimani inaweza kukaa hivyo hata siku nzima. Tunaijua sote, na sote imekwisha kutukosesha basi. Madam naye aliijua. Ila alikuwa amechoka.

Simu yake ilikuwa inakaribia saa kumi. Saa yangu ya mkononi ilikuwa inakaribia kumi na moja.

"Mwalimu," akasema akinitupia jicho, kidole kiko kwenye kitufe, "saa ngapi hapo kwako?"

Nilivuta mkono wa shati ukaifunika saa. "Angalia simu yako, Madam. Ndiyo ya kisasa."

Alibonyeza mara kumi. Akashikilia. Taa ikawaka. Kisha akaenda kutazama jua lizame ili afuturu, na jua halikumdanganya.

Jumatatu kulikuwa na ukungu mzito wa kiangazi. Saa mbili ilifika, honi kimya. Chumba cha walimu kilikuwa baraza la wazimu: simu tatu zinasema saa mbili na dakika kumi, mbili zinasema saa moja na dakika kumi, kila mwenye simu anaapa. Mkuu alisema amri ni kufuata honi. Wanafunzi walikuwa wanafagia uwanja kwa mara ya pili.

Mpishi alichungulia dirishani. "Mwalimu, abana, watoto hawa, mbona wanafagia tu? Uji umepoa, nimepasha, umepoa."

"Subiri honi, mama," nikamwambia. Mimi huyo, mwenye saa mkononi.

Ofisa wa wilaya alifika kwa pikipiki saa mbili na nusu kukagua mtihani, akakuta kidato cha nne wameshika mafagio. Nisiseme maneno aliyoyatoa. Bahasha zilifunguliwa mbio mbio, watoto wakaingia wakihema, na karatasi ya kwanza iliisha wakati wenzao wa Kakonko wanakula. Saa tatu kamili, katikati ya ukimya wa mtihani, honi ya lori ikalia juu ya vichwa vyetu kwa fahari zote. Nilifurahi. Nasema wazi, kwa sekunde kadhaa nilifurahi. Baadaye nilipomwona Madam amesimama kwenye ngazi ya ofisi, mikono imelegea kama nguo kwenye kamba, furaha ile ikageuka aibu.

Kikaoni mkuu aliuliza kosa ni la nani. Mlango ulikuwa wazi kabisa: angeweza kusema mtandao, angeweza kusema saumu, angeweza kusema chipu, na nani pale angebisha?

"Ni langu," akasema Madam. "Chipu ilifanya nilichoiambia. Mimi sikupima."

Stoo ikawa ya vitabu. Kabla kikao hakijafungwa aliomba neno moja tu: honi ibaki, ila isetiwe kila Jumapili kwa redio, na atakayeiseti awe Mwalimu wa Kiswahili. Walimu walinitazama kwa heshima. Nilisema sawa.

Basi nikahamia stoo na maboksi yangu saba. Nilipanga vitabu, nikapaka rafu rangi, nikaweka kiti. Na kila mchana, kwa dirisha lililotazama nyumba za walimu, niliwaona wasichana sita wakiingia kwenye jiko la mtu mmoja kwa zamu, maana hawakuenea. Nilivumilia muhula mmoja. Kisha nikamwandikia mkuu kwamba vitabu ni vitu vya kukaa ukutani na meza katikati haina kazi. Alikubali upesi, nadhani alikuwa anangoja. Wasichana waliingia na kopo la poda na mwiko, na chumba hakijawahi kutulia tangu siku hiyo. Madam alinishukuru kwa sahani ya pilau ya mawese. Nilikula, lakini haikushuka vizuri, na kosa halikuwa la mawese.

Alipata uhamisho kwenda Kasulu mwaka uliofuata. Mwaka 2015, katikati, nilitumwa Kasulu kwenye semina. Njiani, pale Makere, basi letu lilisimama muda mrefu kupisha malori yaliyobeba watu waliokuwa wakivuka mpaka kukimbia vurugu za Burundi mwaka ule, akina mama na magodoro, na nilipata wakati wa kufikiri kuliko nilivyotaka. Jioni nilimtafuta. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake akipeta mchele, amenenepa kidogo, ushungi umekaa upande vilevile.

Aliniuliza habari za chumba kabla hata sijakaa. Nilimwambia wasichana wapya wako kumi na nne, wamewafukuza wasomaji wangu mpaka nje kwenye veranda, na wawili kati ya wale sita wa kwanza wako chuo cha ufundi. Alipeta, anatabasamu na ungo wake. Niliona nisiposema wakati huo sitasema tena.

"Madam, Jumapili ile nilikuwa na saa mkononi."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Uliniambia niangalie simu, mkono umeuficha kama mtoto aliyeiba sukari. Jumatatu, nimesimama mbele ya ofisa, ndipo nikakumbuka."

"Na kwenye kikao hukusema? Wewe wa semeni yote?"

"Niliulizwa kosa ni la nani, nikajibu. La kwako hawakuniuliza." Alitupa makapi pembeni. "Simu ilikuwa yangu, Mwalimu. Na kidole."

Nilimuuliza basi kwa nini alinikabidhi honi mimi, katika watu wote, kama alikuwa anajua.

"Wale wengine wangeiseti wiki mbili, ya tatu wangesahau," akasema. "Nilitaka mtu mmoja ambaye hatathubutu. Umewahi kukosa Jumapili?"

"Sijawahi."

"Hata moja?"

"Hata nilipougua malaria. Nilitolewa zahanati kwa pikipiki, nimejifunga blanketi."

Aliacha kupeta. Alinitazama muda, na nilijua sasa ananipima, wala hakuwa anadhani chochote. Kisha akaweka ungo chini, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Basi imetosha, ndugu yangu," akasema. "Mpe mwingine aiseti. Wewe sasa pumzika."

Nililia pale, mtu mzima, mbele ya ungo wa mchele. Yeye aliingia ndani kuinjika sufuria, akaniacha nimalize.

Jumapili iliyofuata nilikuwa ofisini dakika kumi kabla ya milio ya redio. Hakuna aliyenituma. Nilibonyeza, nikashikilia, taa ikawaka, nikarudi nyumbani kula.